Msisubiri Tumbo: Hotuba kuhusu Siliaki na Jeni za Familia

Hotuba hii niliitoa Jumamosi alasiri hapa Mombasa, mbele ya wazazi na jamaa wa watu wenye siliaki, ugonjwa ambao mtu akila ngano, kinga ya mwili wake huuharibu utumbo wake mwenyewe. Waliokosa kufika wameniomba niiandike yote. Nimeiacha kama nilivyoisema. Picha zilizokuwa ukutani tu ndizo sikuziweka.

Assalaam aleikum. Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, baba zangu, na nyinyi vijana mliojibana huko mlangoni, viti vya mbele viko vitupu, njooni mketi.

Nianze na rangi ya manjano.

Mimi kazi yangu ni maabara. Mtu akiletwa kupimwa siliaki, tunamtoa damu kidogo, tunaiacha itulie, tunachukua yale maji ya juu na kuyatia kwenye sahani ya plastiki yenye vishimo 96. Kila kishimo ni kidogo kama ncha ya kidole cha mtoto. Tunaosha, tunatia dawa, tunangoja, tunaosha tena. Mwishoni, kishimo chenye kingamwili za ugonjwa huu, yaani silaha ambazo kinga ya mwili imezitengeneza, hugeuka buluu, na ukikidondoshea asidi ile buluu inakuwa manjano. Kishimo kisicho na kitu hubaki cheupe kama maji ya kunywa.

Siku ile sikuwa mimi niliyeshika sahani. Alikuwa mwenzangu wa zamu, nami nimesimama nyuma ya bega lake. Nilikuwa najua kishimo cha binti yangu kiko safu ya ngapi. Asidi ilipoingia, kikawa manjano kama kiini cha yai la kienyeji.

Binti yangu alikuwa na miaka 9. Sikilizeni vizuri hapa: hajawahi kuharisha. Hajawahi kulalamika tumbo hata siku moja. Alikuwa na upungufu wa damu usiokwisha, basi, na alikuwa hakui. Sare niliyomnunulia darasa la kwanza ilimtosha mpaka darasa la nne. Miaka miwili nilimpa vidonge vya kuongeza damu, nikampa maini, nikampa dawa ya minyoo kila baada ya miezi mitatu. Hospitali tuliyokuwa tukienda tuliambiwa mtoto hali chakula vizuri. Tukaambiwa labda minyoo. Tukaambiwa mwili wake ni mdogo tu, amemrithi bibi yake.

Na mimi, niliyewapima watoto wa watu wengine ugonjwa huohuo, sikumpima wangu. Kwa nini? Kwa sababu nilikuwa nasubiri tumbo. Nilijua siliaki ni ugonjwa wa tumbo, na tumbo la mwanangu lilikuwa zima. Ndiyo maana leo nimeomba kusimama hapa. Sitaki mzazi mwingine asubiri tumbo.

Jina lenyewe limetupotosha, ndugu zangu. Zaidi ya miaka 1,800 iliyopita, tabibu Aretaeus wa Kapadokia aliwaeleza wagonjwa wanaoharisha, chakula kikitoka bila kusagika, akawaita kwa neno la Kigiriki lenye maana ya watu wa tumbo. Mwaka 1888, London, daktari Samuel Gee akaueleza upya ugonjwa huu kwa watoto, akashika jina lile lile. Tumbo, tumbo, tumbo. Gee alihisi kwamba tiba, kama ipo, iko kwenye chakula. Lakini chakula gani? Hakukijua.

Aliyekijua alikuwa Mholanzi, Willem-Karel Dicke, daktari wa watoto mjini Den Haag. Tangu miaka ya 1930 alikuwa akishuku mkate. Kisha vikaja vita, na majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945, Uholanzi ikaingia njaa. Watu walikula viazi, wakala hata vitunguu vya maua ya tulipu. Mkate haukupatikana. Wengine wote wakakonda, lakini watoto wa siliaki wakapata nafuu! Mkate uliporudi, nao wakaugua tena. Dicke akawapima watoto wake kwa subira, nafaka moja baada ya nyingine, na mwaka 1950 akatoa tasnifu yake: mkosaji ni ngano na ndugu yake rai. Shayiri nayo imo katika kundi hilo. Mchele hauna kosa. Mahindi hayana kosa.

Kitu chenyewe kilichomo kwenye ngano kinaitwa gluteni, na nyinyi mama zangu mnakijua kwa mikono hata kama jina ni geni. Ukikanda unga wa chapati ukauacha ulale, ukiuvuta unavutika, ukiuachia unarudi. Kinachouvuta na kuurudisha ndicho gluteni. Kanda unga wa muhogo, kanda unga wa mchele, hauvutiki huo. Mikono yenu ilishapima kabla yangu.

Sasa niulizeni. Sote tuliomo humu tumekua kwa chapati na mahamri. Mbona gluteni imemdhuru mwanangu na haikumdhuru jirani? Hapo ndipo zinapoingia jeni, yale maelekezo ya mwili tunayoyarithi kwa wazazi.

Fikirini harusi zetu. Wahudumu wanapita na masinia, kila sinia limebeba kitu, na wageni wanatazama kilichomo. Kwenye seli za kinga za mwili kuna protini zinazofanya kazi hiyo hiyo. Zinabeba vipande vya vitu vilivyoingia mwilini na kuwaonyesha askari wa kinga, ili waamue: huyu ni wa kwetu, au ni adui? Masinia haya huitwa HLA, na maelekezo ya kuyatengeneza yako kwenye kromosomu ya 6. Yako ya maumbo mengi sana. Mawili kati yake, DQ2 na DQ8, yana umbo ambalo kipande cha gluteni hukaa juu yake kikatulia kama yai kwenye kikombe chake.

Tena mwili wenyewe unasaidia kukikalisha. Kuna kimeng'enya chetu wenyewe, transglutaminesi, ambacho husaidia kuziba na kuunganisha palipojeruhiwa. Kikikutana na kipande cha gluteni, hukibadilisha kidogo na kukipa chaji hasi, na baada ya hapo kile kipande kinanata vizuri zaidi kwenye sinia la DQ2. Askari wanakiona, wanapiga kelele, vita vinaanza. Na vita vinapiganiwa wapi? Ndani ya utumbo mwembamba, ambao ukuta wake umejaa vidole vidogo kama nyuzi za zulia zuri. Nyuzi hizo ndizo zinazonyonya chakula. Vita vikidumu, zulia linanyolewa. Chakula kinapita juu yake kama maji juu ya sakafu.

Uhusiano wa DQ2 na siliaki ulibainishwa na Ludvig Sollid na wenzake mjini Oslo mwaka 1989. Mwaka 1997, Detlef Schuppan na wenzake mjini Berlin wakaonyesha kwamba kingamwili za wagonjwa zinakishambulia kile kimeng'enya. Zile kingamwili ndizo zilizokifanya kishimo cha binti yangu kuwa manjano.

Takriban wagonjwa 9 kati ya 10 wana DQ2, na wengi wa waliobaki wana DQ8. Je, basi kila mwenye sinia hili ni mgonjwa? Hapana. Nasema tena, hapana! Huko Ulaya, ambako wamepima sana, kiasi cha watu 30 hadi 40 katika kila 100 wana DQ2 au DQ8, na wanaougua siliaki ni kama mmoja katika 100. Yaani wengi mno wanakula mkate wao mpaka kufa kwao, na sinia lao limebeba gluteni, na vita haviji. Sinia ni lazima liwepo, lakini sinia peke yake halitoshi.

Na idadi ya masinia ina uzito. Kila mmoja wetu amepewa nakala mbili za jeni hizi, moja ya mama, moja ya baba. Mwenye nakala mbili za DQ2 anakuwa na masinia hayo mengi kupita mwenye moja. Kuna utafiti mkubwa uitwao TEDDY, uliowafuata watoto tangu kuzaliwa katika nchi nne: Finland, Sweden, Ujerumani na Marekani. Walipotoa matokeo yao mwaka 2014, walikuwa wamewafuata zaidi ya watoto 6,000, wote wana DQ2 au DQ8. Kufikia miaka 5, katika wenye nakala mbili za DQ2, asilimia 26 walikuwa na kingamwili na asilimia 11 walikuwa na ugonjwa wenyewe. Wenye nakala moja ya DQ2 na moja ya DQ8, kingamwili asilimia 11, ugonjwa asilimia 3. Mnaona tofauti? Damu ni ileile nyekundu, mkate ni uleule, lakini idadi ya nakala inasogeza mizani.

Sasa nataka kusema jambo la ndani, na wazee mniwie radhi. Nimekaa kwenye dirisha la maabara miaka mingi, na benchi la wagonjwa liko chini ya dirisha. Nimesikia kwa masikio yangu mama mkwe akimwambia mkaza mwana: "Kwetu hakuna maradhi haya. Umekuja nayo." Nimemwona binti wa watu akilia huku amempakata mtoto mwenye tumbo lililofura.

Mama zangu, sikilizeni jinsi jeni hizi zilivyo. Sinia la DQ2 limeungwa kwa vipande viwili. Kuna watu waliorithi vipande vyote viwili kutoka kwa mzazi mmoja. Lakini kuna mtoto anayepata kipande kimoja kwa baba na kipande cha pili kwa mama. Baba peke yake hana sinia kamili. Mama peke yake hana sinia kamili. Viwili vikikutana ndani ya mtoto, sinia limekamilika. Huyo tumlaumu nani? Nani aliyekuja nayo? Nyumbani kwangu sisi tulipima jeni wote. Binti yangu ana nakala mbili, moja ni yangu, moja ni ya baba yake. Mimi nakula chapati na vipimo vyangu ni safi. Mume wangu anakula chapati na vipimo vyake ni safi. Tumempa mtoto kitu ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyejua anacho. Mtu asiniletee habari ya kwetu na kwenu.

Kuna wengine wanaoniambia huu ni ugonjwa wa Wazungu. Kwenye jangwa la Algeria, karibu na mji wa Tindouf, kuna kambi za wakimbizi wa Sahara Magharibi, Wasahrawi. Ni Waislamu, watu wa jangwani, watu wa ngamia. Mwaka 1999 watafiti wa Italia wakiongozwa na Carlo Catassi walitangaza matokeo ya kuwapima karibu watoto 1,000 wa kambi zile. Waliokutwa na kingamwili walikuwa asilimia 5.6. Asilimia 5.6! Ulaya, narudia, ni kama moja. Watu wale DQ2 wanayo kwa wingi, wanaoana ndani kwa ndani, na chakula chao cha asili kilikuwa maziwa ya ngamia na tende. Wakafukuzwa na vita, wakaja kambini, na kambini chakula kikawa unga wa ngano wa msaada, asubuhi na jioni. Jeni zilikuwepo siku zote. Ngano ndiyo iliyozikuta.

Na kaskazini mwa India, Punjab na mikoa ya ngano, siliaki ni ya kawaida vilevile. Tutazameni sisi wenyewe humu ukumbini. Kuna ambaye babu yake alitoka Hadhramaut, kuna wa Oman, kuna wa Punjab aliyekuja na reli, kuna Mgiriama, na wengi wetu tuna damu ya wote hao kwa pamoja. Nani atathubutu kusema jeni hizi hazikupanda jahazi?

Lakini msitoke hapa mkidhani jeni ndiyo neno la mwisho. Kuna eneo linaitwa Karelia, limegawanyika, upande mmoja ni Finland, upande wa pili ni Urusi. Watu wake ni jamaa, jeni zao za HLA zinakaribiana, na ngano wanakula pande zote mbili. Mwaka 2008 watafiti walichapisha hesabu ya watoto wa shule. Upande wa Finland, mwenye siliaki ni mmoja kati ya 107. Upande wa Urusi, mmoja kati ya 496. Jeni zilezile, mpaka tu katikati! Kwa hiyo kuna mambo mengine yanayowasha moto: maambukizi ya virusi vya utumbo utotoni yanatajwa, kiasi cha gluteni anachokula mtoto miaka ya mwanzo kinatajwa. Na kuna jeni nyingine nje ya HLA, zaidi ya maeneo 40, kila moja inasukuma kidogo tu. Nyingi ni za kinga, na baadhi yake zinashirikiana na kisukari cha aina ya kwanza. Ndiyo maana mtoto mwenye kisukari kile tunamtafutia na siliaki, na mwenye maradhi ya tezi ya shingo vilevile.

Akina mama wengine wananiuliza kwa huzuni, "Nilimwanzishia mkate mapema, ndiyo sababu?" La, dada yangu. Huko Italia waliwagawa watoto wa familia zenye siliaki, hawa wakaanza gluteni na miezi 6, hawa miezi 12. Walipofika miaka 5 hakukuwa na tofauti ya kuugua. Tofauti ilikuwa kwenye jeni. Hilo lipumzishe moyoni.

Nimefika kwenye kiini cha maneno yangu. Watu wanaamini hivi: mwenye jeni nyingi ataugua vibaya, mwenye jeni chache ataugua kidogo, na sote tutaugua tumboni. Ndivyo ilivyo? Wanasayansi wa Finland mwaka 2000 waliandika kuhusu mapacha wa kufanana, wale ambao jeni zao ni nakala ya wenzao. Walikuta mapacha ambao mmoja ana siliaki ya utumbo, na mwenzake ugonjwa uleule umemtokea kwenye ngozi, vipele vya kuwasha vinavyoletwa na gluteni. Jeni zilezile, tumbo la uzazi moja, na sura mbili za ugonjwa. Jeni inafungua mlango. Atakayeingia amevaa nguo gani, jeni haisemi yote.

Nawapa mfano wa nyumbani, maana huo hakuna aliyenihadithia.

Binti yangu, nakala mbili za DQ2. Ugonjwa wake: damu na urefu.

Baada ya yeye, daktari akasema familia nzima ipimwe. Mwanangu wa kiume alikuwa na miaka 14, mrefu, mchezaji mpira, anakula mahamri sita kwa chai moja. Nilimpeleka kwa sababu tu nilitakiwa. Nakala yake ni moja tu. Kishimo kikawa manjano. Tukadhani pengine ni kosa, tukarudia, manjano. Akapitishwa kamera kupitia mdomoni, wakachukua vijipande vya utumbo. Daktari akanionyesha kwenye darubini, na mimi picha za darubini nazijua kusoma. Zulia lilikuwa limenyolewa kabisa. Limelala! Kuliko la dada yake. Kijana asiye na dalili hata moja, mwenye nakala moja, utumbo wake umeharibika kuliko wa mgonjwa mwenye nakala mbili.

Na mama yangu mzazi. Ana miaka 67. Miaka 20 alikuwa na vipele viwikoni na magotini, vinawasha usiku mpaka anajikuna kwa dodoki kavu. Amepakwa dawa ya upele, dawa ya fangasi, mafuta ya mwarobaini, amesomewa. Tulipokaa kumweleza habari za mjukuu wake, akavuta mkono wa baibui akaniuliza, "Na hivi je?" Wakakata kipande kidogo cha ngozi pembeni ya vipele, wakaukuta ugonjwa. Ilikuwa siliaki ya ngozi. Ameacha ngano na sasa dodoki limerudi bafuni.

Watu watatu wa damu moja. Mmoja damu, mmoja ngozi, mmoja kimya. Tumbo liko wapi? Hakuna hata mmoja aliyekuja na tumbo!

Kwa haki ya sayansi niongeze hili. Zipo tafiti zilizoona wenye nakala mbili za DQ2 wanaugua mapema zaidi na utumbo unaharibika zaidi, na zipo nyingine ambazo hazikuiona tofauti hiyo. Kwenye umbo gumu kuliko yote, la watu wachache ambao hata wakiacha ngano utumbo haurudi na seli zinaweza kugeuka saratani, wenye nakala mbili wamekutwa kwa wingi zaidi. Kwa hiyo nakala mbili si jambo la kupuuzwa, na binti yangu tunamfuatilia kwa karibu. Lakini wingi wa dalili haukuonyeshi uharibifu ulivyo ndani, na ukimya hauna maana ya usalama. Mifupa inaweza kuwa inamomonyoka. Mimba zinaweza kuwa zinaharibika. Midomo inachubuka, mwendo unayumba, na mtu hajui.

Basi tufanye nini? Yale ya maabara nitayasema upesi, nayo yashikeni.

Mgonjwa mmoja akipatikana nyumbani, wazazi wake, ndugu zake na watoto wake wapimwe kingamwili. Kwao uwezekano ni takriban mmoja kati ya 10. Wapimwe hata kama wazima. Hasa kama wazima. Na mwombeni daktari apime pia kiwango cha jumla cha kingamwili aina ya IgA, kwa sababu kuna watu ambao miili yao haitengenezi IgA. Kishimo cha mtu huyo kitabaki cheupe hata akiwa mgonjwa.

Kipimo cha jeni kinajua kusema hapana, kusema ndiyo hakijui. Ukikosa DQ2 na DQ8, karibu uisahau siliaki maisha yako. Ukiwa nazo, umeambiwa tu kwamba mlango upo.

La tatu linaniuma. Msiache ngano kabla ya kupimwa! Alikuja mama mmoja na kijana wake, amesoma habari kwenye simu, amemwondolea ngano miezi sita. Mtoto amenenepa, amechangamka. Tukapima, cheupe. Bila shaka cheupe, vita vilishasimama. Ikabidi mtoto arudishiwe mkate majuma kadhaa ili tumpime upya, na kila asubuhi mama yake alimpa ile slesi huku anageuza uso. Kula kwanza, pima, ndipo uache.

Na ukiacha, acha kweli. Jikoni kwetu hakuna shida kubwa kama watu wanavyodhani. Vibibi ni mchele. Mkate wa kumimina ni mchele. Wali wa nazi, muhogo, viazi vitamu, ugali, uji wa wimbi, samaki wa kupaka, vyote halali. Hatari iko kwenye mambo madogo. Mashine ya kusaga unga ikitoka kusaga ngano ya mwenzako, mahindi yako yanasagika na vumbi lake. Mimi nimenunua mashine ndogo ya kusagia nyumbani kwa sababu hiyo. Bajia ni za unga wa dengu, sawa, lakini zimekaangwa kwenye karai gani? Kama mafuta yale yamekaanga mahamri asubuhi, bajia hizo si za mtoto wako. Unga wa uji uliochanganywa sokoni, ulizeni umechanganywa nini. Ulizeni bila haya. Muuza unga wangu wa Kongowea sasa akiniona tu anaanza kunitajia mwenyewe.

Namalizia na mtu mmoja. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, yuko humu, safu ya tatu, na ameniruhusu nimtaje. Kaka yake amebeba nakala ya DQ2, kwa hiyo naye huenda anayo. Miaka mitatu namwomba apime, miaka mitatu ananijibu, "Shemeji, tumbo langu ni chuma." Mwezi uliopita amevunjika kifundo cha mkono kwa kuteleza tu bafuni, na ana miaka 38. Jana usiku amenipigia simu, mwenyewe, akasema atakuja.

Shemeji, ni Jumatatu saa mbili asubuhi. Nitakuwa dirishani. Na kabla hujatoka nyumbani, kunywa chai na chapati zako kama kawaida.